Bunduki ya upepo haina baruti. Je, kisheria ni silaha ya moto?

Swali hili huibuka kila mtu anapotaka kuagiza bunduki ya upepo kutoka nje: kama haina baruti wala kapsuli, kibali cha nini? Wauzaji wa mtandaoni hulijibu kwa haraka, "hii si silaha, ni ya mchezo," na mzigo unaanza safari ya kuja Dar es Salaam. Jibu hilo ni la hatari. Baruti ni kipimo cha baadhi ya nchi tu. Nyingine hupima nguvu ya kile kinachotoka mtutuni, nyingine huangalia mtutu wenyewe na madhara yanayoweza kutokea. Bunduki moja inaweza kuwa bidhaa ya kawaida dukani katika nchi fulani na silaha ya kukufikisha mahakamani katika nchi ya jirani.

Kwanza tujue kinachosukuma risasi, maana sheria nyingi zinaanzia hapo. Bunduki ya springi ina pistoni. Ukiikunja, springi inabanwa. Ukivuta kifyatulio, pistoni inaruka mbele, inashindilia hewa, na hewa hiyo ndiyo inayosukuma kidonge cha risasi. Aina ya pili hutumia kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa kawaida cha gramu 12. Ya tatu ina tangi dogo la hewa lililojazwa kabla, mara nyingi kwa shinikizo la bar 200 hadi 300. Hii ya tatu ndiyo inayovunja dhana kwamba upepo ni wa watoto. Zipo za kipenyo cha milimita 12.7 zinazotoa mamia ya jouli (kipimo cha nishati), wakati risasi ndogo ya baruti ya .22 hutoa kati ya jouli 140 na 190 hivi. Wala si uvumbuzi wa jana. Mnamo miaka ya 1780 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya hewa ya Girandoni, yenye ghala la risasi zipatazo 20, na msafara wa Lewis na Clark uliovuka Marekani kati ya 1804 na 1806 ulibeba bunduki ya aina hiyo.

Sasa tuje kwenye sheria. Marekani ndiyo mfano wa wanaouliza "kuna mlipuko?" Sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1968 inaitambua silaha ya moto kuwa ile inayorusha risasi kwa nguvu ya kilipuzi, au inayoweza kugeuzwa kwa urahisi ifanye hivyo. Kwa hiyo bunduki ya upepo, hata ile ya kuua nguruwe pori, haimo. Lakini jimbo la New Jersey, ndani ya nchi hiyohiyo, limeandika vingine: springi, mpira wa kuvuta, kaboni dayoksaidi au hewa iliyoshindiliwa, vyote vinahesabika, ilimradi kinachorushwa kina kipenyo chini ya robo tatu ya nusu inchi, yaani milimita 9.5 hivi, na kina nguvu ya kumjeruhi mtu. Afrika Kusini nayo, katika sheria yake ya mwaka 2000, inadai kuungua kwa kisukumizi na nishati inayozidi jouli 8, kisha inaiweka bunduki ya upepo kwenye orodha ya vitu visivyohesabiwa kuwa silaha za moto, pamoja na bunduki za rangi na vifaa vya kufyatulia misumari.

Uingereza haiulizi baruti kabisa. Sheria yake ya mwaka 1968 inazungumzia silaha yoyote yenye mtutu inayoweza kuua na kurusha kitu. Tangu kesi ya Moore dhidi ya Gooderham ya mwaka 1960, mahakama ilishasema kwamba bunduki ya upepo inaweza kuangukia humo, hata kama muuzaji hakuikusudia kuua. Mwaka 2017 Bunge lao likaweka namba: zaidi ya jouli 1 mtutuni. Juu ya hapo kuna msamaha wa cheti kwa silaha za upepo zisizozidi jouli 16.27 kwa bunduki na 8.13 kwa bastola. Bunduki ikizidi, unahitaji cheti cha silaha ya moto kama mwenye bunduki ya baruti; bastola ikizidi, ni silaha iliyopigwa marufuku. Na Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata zile za chini ya kiwango hicho zinahitaji cheti chake.

Hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Msamaha ule uliandikwa kwa ajili ya "hewa". Mwaka 1987, katika kesi ya Thorpe, mahakama ya rufani ilikataa kuihesabu bastola ya kaboni dayoksaidi kuwa silaha ya hewa, kwa sababu kaboni dayoksaidi si hewa. Bastola dhaifu ikakosa msamaha ambao bunduki yenye nguvu mara mbili yake ilikuwa nao. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 1997 ili gesi hiyo itajwe. Ndiyo maana nasisitiza: ukisoma sheria yoyote, usiridhike na neno moja. Tazama gesi gani imetajwa na ipi imeachwa.

Ujerumani ina jouli 7.5. Bunduki isiyozidi hapo hugongwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, na mtu mzima huinunua bila leseni ya umiliki. Kanada imeweka masharti mawili kwa pamoja, mita 152.4 kwa sekunde na jouli 5.7, hadi yote mawili yapitwe ndipo masuala ya leseni yanaanza. Lakini Kanada hiyohiyo, katika kesi ya Dunn iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2014, bastola ya upepo iliyo chini ya viwango hivyo ilihesabiwa kuwa silaha ya moto kwa makosa ya jinai, kwa kuwa ilikuwa na nguvu ya kutoboa jicho. Kusamehewa leseni hakumaanishi kusamehewa kesi.

Kwa kuwa namba ndizo zinazoamua, jifunze kuzipiga mwenyewe. Chukua uzito wa kidonge kwa gramu, zidisha kwa mwendo wake wa mita kwa sekunde, zidisha tena kwa mwendo huohuo, kisha gawa kwa 2,000. Unapata jouli. Kidonge cha milimita 4.5 chenye gramu 0.52 kikienda mita 240 kwa sekunde kinatoa jouli 15 kasoro kidogo. Gololi ya plastiki ya gramu 0.2 ikienda mita 100 inatoa jouli 1 kamili. Tangazo linalojigamba "futi 1,200 kwa sekunde" ni mita 366, na kwa kawaida limepimwa kwa kidonge chepesi cha aloi: kikiwa cha gramu 0.35 ni jouli 23. Mwendo peke yake haukuambii kitu, na jina la modeli pia halitoshi. Viwanda hutengeneza modeli ileile kwa springi tofauti, dhaifu kwa soko la Ujerumani, ya kati kwa Uingereza, na kali kwa nchi zisizo na kikomo. Ukinunua iliyotumika, huwezi kujua ni ipi hadi uipime kwa kipima mwendo.

Kipimo chenyewe nacho kina mitego. Bunduki za springi mara nyingi hutoa nishati kubwa kwa vidonge vyepesi au vya kati. Za tangi hutoa kubwa kwa vidonge vizito. Mpimaji makini atajaribu uzito zaidi ya mmoja na kuchukua namba ya juu. Halafu kuna mafuta. Mtu akitia mafuta ya kawaida kwenye chumba cha pistoni, hewa iliyoshindiliwa hupata joto na kuyawasha, kama inavyotokea kwenye injini ya dizeli. Kidonge kinatoka kwa kishindo na moshi, namba inaruka juu, kisha sili ya pistoni inaungua na springi inakatika. Tumia mafuta ya silikoni, tone moja, na si kila wiki.

Joto la Dar lina kesi yake. Kaboni dayoksaidi kwenye kichupa ina shinikizo la takribani PSI 830 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa nyuzi 20, na kwa nyuzi 30 inapita PSI 1,000. Tairi la gari dogo lina 30 na ushee tu. Ikipita nyuzi 31 gesi hiyo haibaki tena kuwa kimiminika, na shinikizo linapanda kwa kasi. Mchana wa Januari ndani ya gari lililoegeshwa juani Kariakoo, nyuzi 50 si ajabu. Sili zinavimba na kupasuka, vali inagoma kufunguka, na bastola iliyopimwa asubuhi chini ya kiwango inaweza kukipita saa nane mchana. Usipige picha ya namba ya asubuhi ukadhani umemaliza. Toa kichupa kabla ya kuiweka popote.

Kwa Tanzania, sheria ya kushika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Fungua kifungu cha tafsiri, usome maana ya silaha ya moto neno kwa neno pamoja na kanuni zake, kisha uandike barua polisi kabla hujalipa hata shilingi. Taja aina ya kisukumizi, kipenyo, jouli na modeli, ambatanisha karatasi ya kiwanda, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Jibu la mdomo kaunta halitakusaidia mzigo ukizuiwa bandarini au Posta. Usikubali muuzaji aandike "toy" kwenye fomu ya forodha. Maelezo ya uongo ni tatizo jipya juu ya lile la kwanza.

Wengi huzitaka kwa ajili ya kunguru. Usumbufu wao mjini naujua, ila kuua ndege kwa bunduki kunaingia kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na umiliki halali haugeuki kuwa leseni ya kuwinda. Waulize TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwanza. Isitoshe, kidonge cha jouli 16 kinaweza kwenda zaidi ya mita 300. Pale Sinza au Manzese mita 300 ni nyumba za watu wangapi?

Na wale wanaodhani bastola ya gololi haihesabiki mbele ya hakimu, wasome kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu. Unyang'anyi wa kutumia silaha unazungumzia silaha au kifaa chochote cha hatari, si cha baruti tu, na adhabu yake haipungui miaka 30.

Mwisho, madaktari wa mifugo na wanyamapori wenye bunduki za sindano za usingizi. Nyingine zinaendeshwa na kaboni dayoksaidi, nyingine na katriji za .22 zisizo na risasi lakini zenye baruti, na kwa nje zinafanana. Angalia sehemu ya nyuma ya mtutu kabla ya kujaza fomu. Kama kuna kibanio cha katriji, una baruti mkononi, na zile katriji zihesabiwe na kufungiwa peke yake, mbali na dawa.