Vim na fanksheni zake za ndani, jamani
Kama unatumia Vim (programu ya kuhariri maandishi) na hujawahi kufungua :help function-list, orodha ya fanksheni zake, yaani vipande vya kazi vilivyojengwa ndani unavyoviita kwa jina, unajinyima tu. Mi nilikuwa na faili refu hatari lina namba kila mstari, natakiwa niongeze moja kwenye kila namba, nikajua hapa naandika skripti ya pembeni, kumbe wapi, unaandika :%s/\d\+/\=submatch(0)+1/g unapiga enter faili zima limebadilika!! Ile \= inaiambia Vim kwamba kinachofuata sio maandishi ya kubandika ni kitu cha kukokotoa, na submatch(0) ndo inakuletea namba iliyokutwa. Nilicheka peke yangu aisee.

Toka hapo nazichokonoa tu. Ukiwa unaandika bonyeza Ctrl-R halafu =, ita strftime('%Y-%m-%d'), tarehe ya leo inajiandika. getline(1,'$') inakupa mistari yote kama orodha, unaipitisha kwenye filter() unabaki na unayoitaka. Ila sort() na map() muwe nazo macho, zinageuza orodha ileile uliyozipa, so ukitaka ya zamani ibaki anza na copy(). Halafu strlen() inahesabu baiti sio herufi (nani aliona hii ni sawa?), herufi ni strchars().

Vim9 script, lugha mpya ya kuandikia skripti za Vim, ilikuja na toleo la 9.0 mwaka 2022, mambo ya ndani ya def (neno la kuanzishia fanksheni yako mwenyewe) yanakompailiwa kwanza ndo maana yanakimbia, lakini hizi fanksheni karibu zote ni zilezile.