Bibi wa Chini na Zabibu

Mdogo wangu aliyeolewa Maskati alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alitaka nikae naye mpaka arubaini itoke. Mama alikuwa keshatangulia mbele ya haki, hapakuwa na wa kwenda ila mimi. Tiketi ilipatikana upesi. Kazi ilikuwa Zabibu.

Zabibu alikuwa paka mzee, meno yamebaki machache, hajui kujitafutia. "Paka wa Mji Mkongwe hafi njaa," walisema jamaa. "Mfungulie mlango, Darajani si pale?" Kweli paka wa sokoni wanaishi kwa matumbo ya samaki, lakini wale wamezaliwa palepale. Zabibu angeraruliwa na madume siku ya kwanza tu.

Binamu yangu alijitolea kumchukua Fuoni. Nilimshukuru, nikakataa. Paka hushika nyumba, na akihamishwa ghafla huponyoka kutafuta njia ya kurudi. Nilitaka mtu wa kuja kwetu. Akapatikana kijana mpole, bei yake nafuu. Nikamuuliza, akiumwa utafanyaje? "Nampa nusu Panadol." Mwili wa paka hauiwezi dawa ile, hata kipande kidogo chaweza kumuua. Kijana hakuwa na nia mbaya, lakini ufunguo sikumpa.

Bibi wa chini alipanda ngazi mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unatafuta mtu wa paka."

Kabla sijamuuliza neno, aliniuliza yeye. Anakula saa ngapi? Maji anakunywa wapi? Analala wapi mvua ikinyesha? Na akikataa kula? Kisha akanikumbusha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Hadithi hiyo ya Mtume sote tumeisikia chuoni. Yeye aliitamka kama jambo linalomhusu.

Nikamwomba amlishe nikiwa bado nipo. Alichemsha vibua bila chumvi wala kitunguu, akaketi kwenye mkeka, akawa anaipekecha nyama kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka aridhike hamna mwiba. Zabibu alingoja, kisha akala mkononi mwake. Jioni ile nilimwachia ufunguo, pesa ya samaki, pesa ya tiba na namba ya daktari wa mifugo.

Nikiwa Maskati, mtoto amelala kifuani pangu, sauti ya bibi iliingia kwenye simu: "Mwanangu, Zabibu hajala tangu jana. Nakwambia mapema. Nishampigia daktari, tunakwenda sasa hivi." Nililia, naikiri, ila sikuogopa. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huweza kujaa kwenye ini, na wengi hufa kwa kungojewa. Bibi hakungoja. Alimtia kwenye kikapu, akamfunika kwa kanga, akaenda naye. Lilikuwa jino limeoza. Likang'olewa, na siku ya pili akarudia vibua vyake.

Niliporudi alifungua pindo la kanga akanihesabia chenji, pamoja na risiti ya daktari. Ujira aliukataa. Nilishikilia, maana kazi ni kazi hata ikifanywa kwa mapenzi, na mwisho alikubali niulipe kwa ada ya mjukuu wake. Halua ya Oman aliipokea bila kubembelezwa.