Mwezi upi, mwanangu?

Jumamosi, usiku

Nimerudi nyumbani na mchanga kwenye viatu na harufu ya dagaa kwenye nguo, na sitaki kulala kabla sijaandika.

Leo kikundi chetu cha kusoma kilishuka mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Victoria mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kwa mara ya kwanza. Siku zote tunakutana kwenye baraza ya mwalimu wetu, Nyegezi, hapa Mwanza, tunasoma sera za afya na kujadili ni nani sera hizo zinamwacha nje. Tuko 9: walimu wawili wa chuo, wanafunzi, tabibu mmoja wa zahanati, na muuguzi mstaafu ambaye hadi leo tunamwita Sista. Hakuna anayetulipa. Kila mtu anakuja na nakala yake, chai ya mwalimu ipo.

Wiki iliyopita tulisoma makala ya Julian Tudor Hart ya mwaka 1971. Alikuwa daktari katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, akaona kwamba huduma nzuri ya tiba huadimika palepale wagonjwa wanapozidi, na kwamba hali hiyo huwa mbaya zaidi tiba inapoachiwa soko. Mwanafunzi mmoja alikuwa anatutafsiria kwa taabu kidogo, Sista akamkatiza: "Hiyo mbona tunaijua. Daktari bingwa haishi kisiwani." Nikawaza kwamba mwaka huohuo wa 1971 ndipo Hospitali ya Bugando ilipofunguliwa juu ya kilima chake. Unaiona kutoka sehemu nyingi za jiji hili. Lakini kuiona si kuifikia, na wanaoujua vizuri umbali huo ni watu wa Ukara, Ukerewe na Kome, ambao safari yao ya matibabu huanza kwa kuuliza upepo ukoje. Kijana wetu anayetoka Sengerema huwa anasema sera ya afya iliyomgusa mama yake kuliko zote haikuandikwa na Wizara ya Afya. Ni daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo mgonjwa alilala kwenye gari akisubiri kivuko.

Siku hiyo tulikwama kwenye neno moja, kuchangia, na nafurahi tulikwama. Sista alianza kazi wakati matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure. Uchangiaji ulipoanza mwaka 1993, anasema, kitu cha kwanza alichokiona ni fundi akitoboa dirisha ukutani, akaweka nondo, kisha akaletwa mtu wa kukaa nyuma yake. "Wakatuambia tuwaeleze wagonjwa kuwa ni mchango." Sisi hapa mchango tunaujua. Ukifiwa, daftari linazungushwa, mwenye elfu kumi anaandika elfu kumi, mwenye kuni analeta kuni, asiye na kitu anakuja kukesha na wewe, na jina lake halipotei. Mchango wa dirishani una bei, na usipokuwa nayo unarudi na mgonjwa wako. Mimi naamini neno lile zuri lilibebeshwa mzigo usio wake, na kwa miaka yote hii limetuzuia kuita malipo malipo.

Basi leo mwaloni. Tulikuwa na dodoso la maswali 22 tulilolipanga kwa wiki tatu. Tabibu wetu anafahamiana na akina mama wanaoanika dagaa, akatuombea nafasi. Asubuhi jua lilikuwa limeshakolea, dagaa wametandazwa kama shuka la fedha, na wao wameinama wanawageuza. Usiku uliotangulia ulikuwa wa giza, mitumbwi imerudi imejaa. Nilimwamkia mama mmoja, shikamoo, akaitika bila kusimamisha kazi. Nikainama naye tukageuza pamoja, huku mwenzangu akisoma maswali.

Swali la 7: Kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?

Akasimama. Akanitazama mimi, si aliyeuliza. "Mwezi upi, mwanangu? Huo wa kwenye karatasi, au huu wa juu?"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake hauchekeshi. Akatueleza kama anavyomweleza mtoto. Dagaa huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito taa inawaita, wanapanda juu, wavu unajaa. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, na kwa siku kama kumi mitumbwi inalala kavuni, wanaume wanashona nyavu. Hela yake yote inakuja gizani. Mbalamwezi ni kula kilichobaki, na mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani hata hicho hakibaki.

Tukamuuliza habari za kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Anaijua. Aliitaka. "Mwandikishaji alikuja mbalamwezi. Nilikuwa na elfu nne. Giza lilipoingia nikawa nayo yote, yeye hakurudi." Miezi michache baadaye mwanawe wa miaka 9 akashikwa na homa kali, mbalamwezi tena. Msamaha wa watoto wa chini ya miaka 5 alishauvuka. Akakopa kwa mchuuzi anayenunua dagaa wake. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini giza lililofuata, mchuuzi alichukua mzigo wote kwa bei aliyoitaka yeye, na giza la baada ya hapo vilevile.

Niliandika hayo pembeni mwa karatasi, kwa sababu dodoso lilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza tarakimu.

Mama mwingine akadakia kutoka upande wa pili wa kichanja. Siku dawa za kichocho zilipogawiwa shuleni, binti yake hakuwepo, alikuwa hapa anaanua dagaa. Na huyo binti ndiye anayefua na kuchota maji ziwani, mahali ambapo konokono wa kichocho wapo na vijidudu vyake huingia mtu kwa ngozi tu, bila kumeza kitu. Aliyemhitaji mgawaji kuliko wote ndiye aliyekosekana. Pale nilimkumbuka yule daktari wa Wales na kijiji chake.

Jioni tuligombana barazani, kwa heshima lakini tuligombana. Mmoja wa walimu wetu anataka swali la 7 libaki lilivyo, kwa sababu tafiti zote zinauliza hivyo na tukilibadilisha hatutaweza kulinganisha. Ana hoja, na sikumjibu vizuri. Nilichosema ni kwamba tunalinganisha nini, ikiwa mama yule angetupa tarakimu yoyote ili tumwache aendelee na kazi? Wastani wake ungetoka mzuri tu. Angeonekana mtu anayeweza kulipa 30,000, kisha tungeandika kwamba jamii za wavuvi zinahitaji elimu juu ya umuhimu wa bima. Sentensi hiyo nimeisoma kwenye ripoti nyingi, na leo imeniuma.

Sista alitukumbusha utafiti uliofanyika mkoani hapahapa kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 zilizopangwa mbilimbili. Upande mmoja, zahanati na vituo vya afya vya kawaida viliimarishiwa matibabu ya magonjwa ya zinaa: watumishi walifundishwa, dawa zikafika, wasimamizi wakatembelea. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganisha na upande wa pili. Matokeo yalichapishwa 1995 na dunia ikayasoma. Sista anapenda kusema kwamba hapakujengwa hospitali mpya, zahanati ilikuwa ileile, ila mtu akija anakuta dawa na anayejua kuitoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tumeisoma kifungu kwa kifungu, na mimi naitakia heri kwa moyo wote. Ninachoiombea ni mkusanyaji anayejua lini kuna giza, maana hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu wa kumuuliza mvuvi.

Tumekubaliana swali la 7 litakuwa mawili, moja la giza na moja la mbalamwezi, na la zamani litabaki kwa ajili ya mwalimu.

Kutoka dirishani kwangu, juu ya mawe haya ya Isamilo, taa za wavuvi zinaonekana mbali ziwani, nyingi, zimejipanga kama mtaa. Yule mama yuko macho anazisubiri. Nilipomuuliza lini tunaweza kurudi tukae naye bila kumharibia kazi, alihesabu kwa vidole: wiki mbili, mwezi ukiwa mpevu. Siku hiyo muda atakuwa nao. Nimeshawaandikia wenzangu kwamba kikao cha Jumamosi ile hakitafanyika barazani.