Moyo wangu na bomba la sindano

Miaka miwili niliambiwa ni mawazo. Shemeji ndiye aliyeongoza: "Punguza mawazo, kunywa maji, lala mapema." Nikayanywa, nikalala, na moyo ukaendelea na vituko vyake. Nikiinama tu kufunga kamba za viatu, mapigo 190 kwa dakika, shingo inadunda. Nikifika hospitali umeshatulia, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, safi, mwongo mimi.

Siku moja haukutulia mapema. Nesi akanibandika nyaya, karatasi ikatoka: SVT, aina ya moyo kwenda mbio ghafla. Umeme wa moyo umepata njia ya mkato, unazunguka humo humo. Wakanichoma dawa ya adenosini mshipani. Kwa sekunde chache nilihisi moyo umezimika, nikaanza kutubu. Ukarudi 80. Karatasi ile nimeipiga picha, iko kwenye simu mpaka leo. Nanyi fanyeni hivyo, itawaokolea maneno mengi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesikia kwamba uso ukiingia kwenye maji ya baridi kali, moyo hupunguza kasi. Nikajaza beseni barafu, nikazamisha kichwa kishujaa, na miwani usoni. Maji yakaingia puani, nikapaliwa, beseni likapinduka. Binti yangu akapiga kelele: "Mama, Baba anazama sebuleni!" Nikapima mapigo: 188. Na zulia limelowa.

Kilichonifaa, baada ya daktari kunielekeza, ni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Unakaa umeegemea, unapuliza kwenye ncha yake kwa sekunde 15, nguvu ya kukisogeza kidogo tu kile kisukumio. Hapo hapo unalazwa chali, mtu anakuinua miguu nyuzi 45, sekunde 15 nyingine. Kabla ya kuelekezwa, miezi mizima nilikuwa napuliza nimekaa wima, najiona fundi! Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya walioinuliwa miguu walitulia, na waliopuliza tu ni asilimia 17. Kukanda shingo, njia nyingine ya kuutuliza moyo, daktari alinikataza, na kifua kikiuma au nikiona kizunguzungu cha kuzimia, sipulizi chochote, naenda hospitali.

Juzi umenianza mke wangu hayupo. Aliyekuwepo ni shemeji. Nikapuliza, nikamwambia, "Shemeji, shika miguu!" Akaishika, anatetemeka kuliko mimi. Ukatulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anyanyue tena, ili tuwe na uhakika.