Kupeleka malalamiko ya unyanyasaji wa kingono bila kunaswa na kesi ya kashfa

Barua nyingi za mawakili ninazoletewa hapa Moshi, zile za kudai fidia ya kashfa (kumchafulia mtu jina), chanzo chake ni kundi la WhatsApp. Aliyenyanyaswa alisema kweli, ila aliwaambia watu mia wasio na wajibu wowote wa kushughulikia jambo lake. Kwa hiyo mimi, kama msaidizi wa kisheria, huanza na simu: usirushe kitu kundini.

Malalamiko nayapeleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa mkuu wa anayelalamikiwa kazini au chuoni, au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, iwapo alidai ngono ili atoe ajira au alama (kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, 2007). Taarifa iliyotolewa huko kwa nia njema ina kinga, hata kama ushahidi hautoshi kumtia mtu hatiani, na Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inaongeza ulinzi. Anayesema uongo akijua, kinga hana.

Muda mwingi naumalizia kwenye maandishi. “Ni mbakaji” ni hukumu, na aliyeiandika ataambiwa aithibitishe. Naandika tukio: tarehe, saa, chumba, alishika wapi, alitamka maneno gani, nani alikuwa mlangoni. Yaliyosikika kwa wenzake nayatenga aya yake, maana uvumi mmoja ukiingia katikati, wakili wa upande wa pili ataushika huo na kuuita chuki. Ujumbe haufutwi na simu haiuzwi; picha ya skrini ionyeshe namba na tarehe. Nakala mbili: moja inabaki kwa waliopokea malalamiko, nyingine inarudi na mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo ni vigumu kuonyesha ulipeleka wapi na lini.

Msichelewe, tafadhali. Shtaka la bughudha ya kingono chini ya kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu halipokelewi siku 60 zikishapita tangu tukio.

Barua ya wakili ikifika, usipige simu kujieleza, wala usisaini barua ya kuomba radhi uliyoandikiwa. Itasomwa kama kukiri. Hati ya madai ikishafunguliwa mahakamani na ukapewa wito, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ukikaa kimya, shauri linaweza kuamuliwa upande mmoja, na ile nakala yenye mhuri itabaki nyumbani kwako bila kusomwa na hakimu.