Farasi Aliyepanda Gari Moshi

Nilipokwenda Uingereza kumzuru ami yangu, yeye alishikilia kwamba sitarudi Lamu kabla ya kupanda gari moshi la Ffestiniog, huko Wales. Sikuwa na hamu kubwa, kwani kwetu sisi tuliokulia katika vichochoro vya Mkomani, ambamo hata gari halipiti, reli ilikuwa habari ya watu wa Mombasa.

Kituo cha Porthmadog kiko bandarini, na hapo ndipo hamu ilipoanza kunijia. Upana baina ya reli zake mbili haufiki sentimita 60, na behewa lilikuwa jembamba hata magoti ya ami yakagusana na yangu. Injini iliyotuvuta ilikuwa na dohani mbele na nyuma, dereva akiwa katikati, kama jahazi lenye omo mbili lisilo na tezi. Tulivuka tuta refu lililojengwa kuzuia bahari, tukaanza kupanda milima. Mahali paitwapo Dduallt, reli inajizungusha na kupita juu yake yenyewe, kazi iliyofanywa na watu wa kujitolea baada ya bwawa la umeme kufunika njia ya zamani.

Hayo nayapita upesi, kwa maana kilichonikaa moyoni ni alichonieleza ami tukiwa njiani. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1836 ili kuteremsha mawe bapa ya kuezekea mapaa kutoka machimbo ya mlimani hadi majahazini. (Mtu wa Lamu, ambaye wazee wake walipakia boriti kwenda Arabuni, jambo hilo haelezwi mara mbili.) Injini za mvuke hazikuingia hadi 1863. Kabla yake, mabehewa yaliyosheheni yaliteremka yenyewe kwa mteremko uliopimwa, yakizuiwa na watu wa breki, na farasi waliokuwa wakiyarudisha mlimani yakiwa matupu walipandishwa katika behewa lao nyuma ya msafara, wakashuka kama abiria.

Niliporudi nilimsimulia kisa hiki, barazani, mzee jirani yetu anayefuga punda wa kubeba mchanga. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Na kupanda mlima, mwanangu, huyo farasi alipandaje?”

“Kwa miguu yake, mzee wangu, na mabehewa akiyavuta.”

“Basi huyo ni punda tu,” akasema, akainuka kwenda kuwatazama wake.