Fundi wa milango mbele ya Popeye

Popeye, yule baharia wa katuni niliyekua nikimtazama Unguja, alikuwa wa rangi. Televisheni ya Zanzibar yenyewe ilianza na rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara ilingoja televisheni mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo sisi watoto hatukuwaza kwamba katuni inaweza kuwa nyeusi na nyeupe. Nilikuja kujua ukubwani kwamba Popeye wa mwanzo, yule aliyetengenezwa New York na ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, kuanzia 1933, hakuwa na rangi hata chembe. Katika miaka ya 1980 filamu zile zilichorwa upya kwa rangi ili ziuzike kwenye televisheni. Waliochora upya waliruka vitu: mikunjo ya nguo, vivuli, watu wanaopita kwa nyuma. Kwangu mimi ule ulikuwa uharibifu, na sijapata hoja ya kunibadilisha.

Ndiyo maana kampuni ya Warner walipotoa lile boksi la diski nne za Popeye mwezi Julai 2007, nililinunua ingawa mfuko haukuruhusu. Zilikuwemo filamu 60 fupifupi, za 1933 mpaka 1938, zote nyeusi na nyeupe isipokuwa mbili. Zilisafishwa vizuri, na zikarudishiwa mwanzo wake wa asili, ile milango ya meli inayofunguka na kufunga huku majina ya watengenezaji yakionekana. Wakati huo nilikuwa naishi Columbus, Ohio, nikifanya kazi ghalani zamu ya usiku.

Baba alikuja kututembelea kipupwe kilichofuata. Alikuwa fundi seremala wa Mji Mkongwe, mchonga milango. Maisha yake yote alishika patasi. Sasa theluji ilimfungia ndani, mikono haina kazi, na televisheni ya Marekani haikumwambia kitu. Alikaa dirishani na kofia yake na sweta langu, akihesabu magari.

Jumamosi moja jioni niliweka diski ya kwanza. Mwanangu, aliyekuwa bado hajaanza darasa la kwanza, alinuna palepale.

"Babu, hii mbovu. Haina rangi."

"Rangi ya nini, mjukuu wangu?" baba akamjibu. "Mlango ukishapakwa rangi, kazi ya patasi huioni tena."

Akageuza kiti kuielekea televisheni.

Iliyomkamata ilikuwa A Dream Walking, ya 1934. Olive Oyl, mchumba wa Popeye, anatoka dirishani usingizini, macho kayafumba, mikono kainyoosha mbele, anaingia kwenye jengo la ghorofa linalojengwa. Anatembea juu ya boriti za chuma, na kila akifika ncha ya boriti, pale ambapo hatua moja zaidi ni kifo, boriti nyingine inaletwa na winchi na kutua chini ya wayo wake, sawasawa na pigo la muziki. Popeye na Bluto, hasimu wake, wanamkimbilia, lakini wanashindwa kumwokoa kwa sababu wanapigania nani amwokoe. Baba alicheka mpaka akavua kofia. Mtoto, alipomwona babu yake hivyo, akasahau habari ya rangi.

Baba aliuliza Popeye anasema nini chini kwa chini, maana midomo haichezi lakini sauti inatoka. Nikamweleza kwamba pale studio walichora kwanza, sauti wakatia baadaye. Jack Mercer, aliyeanza kumwigiza Popeye 1935, alikuwa akitazama picha na kuongeza minong'ono yake mwenyewe. Baba alipenda sana jambo hilo.

Katika filamu moja ya mwaka huohuo wa 1935, Popeye anapita barabarani, majumba yakisogea nyuma yake.

"Simamisha," baba akasema.

Nikabonyeza rimoti.

"Rejesha nyuma. Tena. Pole pole."

Alisimama akaenda mpaka kwenye televisheni, pua karibu iguse kioo, akaweka kidole juu ya nyumba moja.

"Ya mbele inakwenda mbio, ya nyuma inajikokota. Na tazama kona hii. Ubavu wa nyumba ulikuwa umejificha, sasa unafunguka. Mchoro haukufungulii ubavu. Hiki hakikuchorwa, mwanangu. Kimejengwa."

Nilikuwa sijamwambia kitu. Mimi niliyajua hayo kwa kuyasoma. Yeye aliyaona kwa jicho la mtu aliyezoea kupima kina cha nakshi kwa kidole gumba. Kweli kimejengwa. Akina Fleischer walitengeneza mandhari ndogo, nyumba na miti na taa za barabarani, wakaziweka juu ya meza inayozunguka. Mchoro wa Popeye, uliopakwa kwenye karatasi angavu ya selulosi, ulisimamishwa wima mbele yake kati ya vioo, na kamera ikapiga vyote kwa pamoja. Kisha meza inazungushwa kidogo tu, mchoro unabadilishwa, inapigwa picha nyingine. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo filamu ya dakika saba ina zaidi ya picha elfu kumi.

Baba alinyamaza akipiga hesabu. "Na meza ikisukumwa kupita kiasi?"

"Mji wote unaruka."

"Basi hao ni mafundi," akasema, na kwa baba hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Usiku ulikuwa umekwenda, lakini hakukubali kulala kabla ya kuiona ile ya Sindbad, ya 1936, ndefu kuliko nyingine na yenye rangi. Hapo tuligombana kidogo. Bluto ndiye Sindbad, jitu linalotamba kisiwani na kumtuma ndege wake Roc avunje meli ya Popeye. Baba alikasirika hasa. Sindbad aliyemjua yeye, wa Alfu Lela Ulela alizohadithiwa na nyanya yake, ni mfanyabiashara aliyesafiri kutoka Basra na kupata taabu za bahari, si jambazi. "Wamemsingizia mtu wetu," alirudia. Lakini Sindbad anapopita akiimba ndani ya pango lake, mawe yakizunguka nyuma yake kwa kina kile cha meza, aliniomba niirudishe sehemu hiyo.

Asubuhi nilipotoka kazini nilimkuta sakafuni na mjukuu wake. Alikuwa amekata duara la plaiwudi kwa msumeno wangu na kulishika kwa msumari mmoja katikati. Juu yake, kwa maboksi ya nafaka za kifungua kinywa, aliinua kichochoro cha Mji Mkongwe: mabaraza, kuta mbili zilizoinamiana, na mlango wenye mfaa na miimo yake, nakshi kaichora kwa kalamu ya wino. Mtoto alikuwa amechora baharia kwenye plastiki angavu. Waliningoja mimi na kamera.

Tulipiga mpaka adhuhuri, kisha nikazipanga picha kwenye kompyuta na kuziendesha. Mlango ulipita mbio, kuta za nyuma zikafuata taratibu, na ubavu wa nyumba ya kona ukafunguka. Mtoto alipiga makelele. Baba aliinama kwenye skrini, akatazama mara ya pili.

"Huyu baharia kaugusa ukuta," akasema. "Isogeze nyumba nyuma vidole viwili, tupige upya."